Mjadala: Ramani ya gemu ikishatolewa bure, nani ana ruhusa ya kuigusa?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni.

Zamani kidogo niliunda ramani, yaani uwanja wa kuchezea ndani ya gemu, ya timu mbili kupigana. Chini ya daraja la kaskazini niliacha chumba kisicho na mlango, ndani kreti moja imekaa mshazari. Mchezaji hawezi kukifikia, mpaka uifungue ramani kwenye kihariri, ile programu ya kuundia ramani. Juzi nikapakua ramani "mpya" ambayo watu wanaisifia. Dakika ya kwanza tu nikahisi hapa napajua. Nikaifungua, nikashuka chini ya daraja: kreti ipo, mshazari vilevile. Kuta zimepakwa rangi nyingine, mvua imeongezwa (na mvua yenyewe imependeza, sitaki unafiki), ila kwenye maelezo jina langu halipo.

Msimamo wangu: kurekebisha ruksa, kufuta jina wizi. Na wanaozifunga ramani zao zisifunguke kwenye kihariri, hao pia siwaungi mkono. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole mkuu, lakini unafungua zizi halafu unalalamika ng'ombe wametoka. Mimi ni mmoja wa hao wanaofunga. Kuna mtu alichukua ramani yangu, akajaza silaha kali upande mmoja, akaharibu mizani yote, na jina langu akaliacha palepale kama unavyotaka wewe. Wiki mbili natukanwa kwa makosa ambayo siyajui. Kwa hiyo jina kubaki si heshima kila wakati.

Mambo haya yalikuwa na utaratibu. Ramani za Doom, ile gemu ya 1993, zilikuwa zinatembea na faili dogo la maandishi, na humo mwenye kazi anasema kama wengine wanaweza kujenga juu yake au la. Akisema la, ni la. Kigumu kiko wapi?

Mchangiaji wa pili:
Mnagombania shamba ambalo hati yake anayo mtu mwingine. Wachezaji wa gemu ya Duke Nukem 3D waliunda ramani wakazigawa bure. Kampuni ya Micro Star ikazikusanya 300, ikaziweka kwenye CD, ikauza. Kesi ikafika mahakama ya rufaa Marekani, na mwaka 1998 Micro Star wakashindwa. Utetezi wao ulikuwa kwamba faili la ramani halina picha hata moja, linaielekeza tu gemu ichore nini na wapi. Mahakama ikasema hapana, huo ni mwendelezo wa hadithi ya wenye gemu. Sasa angalieni: aliyepambana na Micro Star mahakamani alikuwa mwenye haki za gemu. Walioziunda ramani zile 300 hawakuwa hata upande mmoja wa kesi.

Mchangiaji wa tatu:
Nimevuta kiti.

Mleta mada:
Mchangiaji wa pili, sheria nimekuelewa, ila mimi sidai hati. Nadai adabu. DotA ilianza kama ramani ya gemu ya Warcraft III mwaka 2003, aliyeiunda akijiita Eul. Alipoachana nayo aliruhusu yeyote atoe toleo lake bila kumuomba, akataka atajwe tu kwenye ramani hiyo. Wakaja wengine, Guinsoo, kisha IceFrog, kila mmoja akaongeza chake, na Dota 2, gemu inayojitegemea, ikatoka humo. Angeifunga, ingebaki ramani moja nzuri iliyokufa na toleo lake la mwisho.

Mchangiaji wa kwanza, la kutukanwa umenishika. Labda anayerekebisha abadilishe jina la ramani, na kwenye maelezo aseme alichogusa yeye: "mvua na rangi ni zangu, mengine ya fulani." Mistari miwili tu.

Mchangiaji wa kwanza:
Hiyo naweza kuiishi. Ila wanaoandika mistari miwili si hao wanaotuumiza. Naendelea kufunga.

Mleta mada:
Mrejesho. Nimemwandikia yule jamaa wa mvua. Kumbe naye aliikuta kwa mtu mwingine, tayari haina jina, akadhani ni mali ya kila mtu. Amekubali kuliweka leo leo, bila ubishi.

Halafu akaniuliza: zile ngazi za kuzunguka kwenye mnara wa mashariki, ulizijenga mwenyewe? Anasema kuna ramani ya zamani zaidi ana hakika aliziona humo.

Wakuu, sikuzijenga. Nilizinakili wakati najifunza, nikasema nitaandika jina la mwenyewe nikimaliza. Nimerudi kwenye diski ya zamani kulitafuta. Ramani ipo. Faili la maelezo silioni.