Walioshuhudia igizo likibuma: Carrie lirudi Broadway au liachwe lilale? Tupeane uzoefu

Pazia_Bovu (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Jana kuna mdau kanirushia kipande cha sauti cha Carrie kilichonaswa kwa kificho ukumbini mwaka 1988. Mama anasali na bintiye, huku nyuma watu wanakohoa na viti vinalia. Nimekisikiliza mara tano, usingizi ukaruka.

Kwa wageni: Carrie, lile igizo la muziki lililotokana na riwaya ya Stephen King: binti anayeonewa shuleni, mama yake mshika dini kupindukia, anamwagiwa ndoo ya damu ya nguruwe kwenye dansi ya shule, naye analipiza kwa nguvu za akili. Lilianzia Stratford, Uingereza, kwa wale wale Royal Shakespeare Company, kundi la maigizo ya Shakespeare, kisha likavuka bahari. Broadway, yaani zile kumbi kubwa za New York, lilifunguliwa tarehe 12 Mei 1988, likafungwa tarehe 15. Maonyesho 16 ya majaribio, 5 rasmi, na zaidi ya dola milioni 7 zikayeyuka.

Msimamo wangu: lirudi Broadway kwenyewe, na lirudi na wazimu wake wote. Mwaka 2012 walilifufua New York kwenye kaukumbi ka Lucille Lortel, wakalifyeka, wakautoa wimbo wa kuchinja nguruwe, wakamweka Sue, mwanafunzi mwenzake Carrie, anahojiwa kama yuko kituo cha polisi. Likawa na adabu. Nani aliwaambia tunataka adabu?

Aliyeliona, aliyelicheza, aliyebeba hata kiti tu, aje atoe ushuhuda.

Fikra_Kavu
Liache lilale.

Boksi_SE1
Mleta mada nakupinga, nililiona London mwaka 2015, Southwark Playhouse. Nimetoka shifti ya usiku, nimelala masaa mawili, nikasema nikichoka nitasinzia humo humo. Thubutu! Kale kaukumbi ni kadogo, mwigizaji akipumua unamsikia. Kim Criswell kacheza mama. Ule wimbo anaomburuza bintiye akatubu, mimi niliyelelewa na shangazi mlokole nilijikuta nimeshika magoti. Sikumwona mtu anacheka. Igizo hili likiwa dogo linauma, likiwa kubwa linakuwa sarakasi. Ndiyo maana 1988 lilibuma.

Mama_Ntilie_wa_Sanaa
Nakazia. Dogo linauma.

Mzee_Kaptula
Vijana, mimi 1988 nilikuwa New York masomoni. Nililiona. Walivaa wale wasichana nguo kama Wagiriki wa kale, shule gani hiyo sikuelewa. Mwisho ikashuka ngazi nyeupe kubwa mno. Pazia lilipofungwa nusu ya watu wanazomea, nusu wamesimama wanapiga makofi. Lakini yule mama, Barbara Cook, sauti yake ilitikisa paa. Sijapata kusikia tena.

Pazia_Bovu
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, Barbara Cook alicheza Stratford tu. Usiku wa ufunguzi kule mapambo ya jukwaa nusura yamkate kichwa, akaaga, New York hakuja. New York alikuwa Betty Buckley, yule yule ambaye kwenye filamu ya 1976 alikuwa mwalimu wa mazoezi.

Bila_Tiketi
😂😂 Mzee kanaswa! Ule ukumbi, Virginia Theatre (siku hizi August Wilson Theatre), ulikuwa na viti 1,200 na ushee. Zidisha mara 21. Hata ungejaa kila siku hawafiki elfu ishirini na sita. Lakini wanaodai walikuwepo wanajaza Uwanja wa Mkapa na wengine wanabaki getini.

Mzee_Kaptula
Marahaba Pazia. Nimechanganya majina, ni miaka mingi. Bila_Tiketi, wewe 1988 ulikuwa wapi?

Bila_Tiketi
Sijazaliwa, mzee. Ila na mimi nilikuwepo.

Sondheim_wa_Sinza
Mnapoteza muda na ndoo za damu. Mkitaka kujua maana ya kufufua, tazameni Merrily We Roll Along, igizo la muziki la mtunzi Stephen Sondheim. 1981 lilifungwa baada ya maonyesho 16, watu wanatoka katikati kwa kuwa hadithi inakwenda kinyumenyume hawaielewi. Miaka 42 baadaye limerudi Broadway, na 2024 likabeba Tony, tuzo kubwa ya Broadway, ya igizo bora la muziki lililofufuliwa. Sondheim mwenyewe alishafariki 2021, hakuliona likirudi pale. Hilo lilibuma kwa sababu ya watayarishaji, nyimbo zilikuwa dhahabu. Carrie nyimbo zake nusu dhahabu, nusu bati.

Pazia_Bovu
Bati gani? Nitajie.

Sondheim_wa_Sinza
Huo huo wa nguruwe unaoulilia.

Otis_wa_Ronga
Niaje wadau. Nyinyi Wabongo mnaongea Broadway kama mnapanda matatu ya kwenda huko 😂. Mimi ya kwangu ni ya tamasha la drama la shule. Nilikuwa mfalme, natakiwa kufa Scene ya mwisho. Mtu wa pazia akasinzia. Nimekufa, pazia haliji. Nikakufa tena. Nikaamka nikalifunga mwenyewe. Tukawa wa mwisho wilaya nzima. Mtu akisema tulirudishe lile igizo, nahama nchi.

Mtu_wa_Pongwe
Sikupanga kuandika humu, ila mmenitonesha kidonda.

Niko Ohio. Mwaka fulani shule ya binti yangu ikaamua kucheza Carrie, lile toleo la 2012 ambalo mashule hukodi. Binti akapata nafasi ya Carrie mwenyewe. Nyumba nzima furaha. Wakatafuta wazazi wa kujitolea, mimi nikajipeleka kugonga misumari. Nikagonga vizuri, wakanipandisha cheo: nishike kamba ya ndoo. Ndoo ndiyo roho ya igizo, mnajua. Sharubati nzito ya sukari na rangi nyekundu ya chakula.

Sasa mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kumwona mtoto mchanga wetu. Mke wangu akamwambia, "Mama, Ijumaa mjukuu wako anaimba." Basi. Hakumwambia kingine. Bibi akajua ni kama maulidi ya shule. Akatia hina, akajifunga kisutu chake, akakaa safu ya tatu.

Nusu ya kwanza aliimudu. Yule mama alipomfungia bintiye kabatini alisonya hadi Mzungu wa mbele akageuka. "Huyu mwanamke hana dini huyu." Nusu ya pili, mjukuu katokea na gauni, kavishwa taji. Bibi akapiga vigelegele. Ukumbi mzima kimya, vigelegele vya Tanga peke yake. Mimi niko pembeni ya jukwaa nimeshika kamba, moyo unaanza kwenda mbio.

Taa ikabadilika. Mwalimu akanipa ishara. Nikavuta.

Nasikia kiti kinapigwa teke. Naangalia, bibi anakuja. Miaka sabini na kitu, magoti mabovu, lakini anapanda zile ngazi za pembeni kama anafukuzwa na nyuki. Ngazi zenyewe zinapita palepale nilipo. Mtaniuliza kwa nini sikumzuia. Jamani, yule ni mkwe! Nimshike wapi? Nimeinamisha kichwa kwa heshima na kamba iko mkononi, naye kaiona. Kaniangalia mimi, kaiangalia kamba, kaniangalia mimi. Akapita.

Akafungua khanga ya juu akamfunika mjukuu wake. Kwa vile kisutu ni chekundu hata damu haikuonekana. Maiki ya binti bado nzima, kwa hiyo ukumbi wote ukasikia: "Nani kakufanyia hivi? Nionyeshe!" Na binti ananong'ona, "Bibi, ni sharubati, ni sharubati."

Hapo sasa. Wanaojua igizo wanajua kinachofuata: taa nyekundu, milango inajifunga, Carrie anawaua wote kwa nguvu za akili. Wale watoto walishafundishwa kuanguka mmoja mmoja kwa kufuata muziki. Muziki ukaanza. Bibi kanyoosha kidole kwa wa kwanza, "Ni wewe?" Yule akaanguka. Akamgeukia wa pili, "Ni wewe?" Akaanguka. Kila anayemnyooshea kidole anakwenda chini. Wa nne alipoanguka, bibi akakitazama kidole chake, akasema "Astaghfirullah," akakificha ndani ya khanga.

Walisimama wote wakapiga makofi. Walidhani ndivyo lilivyo.

Bila_Tiketi
Chai. Na hii imetiwa tangawizi.

Mama_Ntilie_wa_Sanaa
Nimecheka nimemwamsha mtoto 😭😭

Chaurembo
Si chai, Bila_Tiketi. Hujakaa Tanga wewe. Bibi wa kule kupanda jukwaani ni kawaida, kwenye taarabu atapanda atunze mwimbaji katikati ya wimbo na hakuna anayemshangaa. Mkuu Pongwe, tatizo alisahau dola tu.

Bila_Tiketi
Kutunza na kuua watoto wa watu kwa kidole ni vitu viwili.

Neema_ya_Asubuhi
Mnacheka, lakini mchezo wenyewe unamwonyesha mama mcha Mungu kama shetani na binti mwenye nguvu za giza. Mnawapeleka watoto huko? Mkuu Pongwe, ulipaswa kumtoa mwanao siku ya kwanza.

Boksi_SE1
Dada, hujaliona. Yule mama anampenda mwanawe, ndiyo ubaya wenyewe. Hakuna mtu pale anayeisema dini vibaya.

Neema_ya_Asubuhi
Sihitaji kuonja sumu.

Sondheim_wa_Sinza
Turudi kwenye mada. Pongwe kanipa hoja bila kujua. Igizo likichezwa kwa uso mkavu, watu wakaliamini, hata bibi anapanda jukwaani. Wakilirudisha kwa mzaha, wakikonyeza watazamaji, ndio watalizika mara ya pili.

Pazia_Bovu
Hapo umenena. Ila hata kwa uso mkavu, nguruwe wangu arudi.

Fundi_Taa
Nimefanya kazi ya sauti. Hiyo maiki kutokufa ni muujiza. Hata 1988 damu iliwashinda, wakimmwagia Linzi Hateley, binti wa miaka 17, maiki ilikuwa inaharibika. Ushauri: ifungeni kwenye mpira, muifiche juu ya nywele.

Otis_wa_Ronga
Juu ya nywele ndio damu inaanzia, fundi. Ifungeni mgongoni.

Fundi_Taa
Ukiifunga mgongoni utasikia gauni tu.

Mama_Ntilie_wa_Sanaa
Na sukari msitie nyingi. Sisi tulitumia asali, siafu wakaja kabla ya watazamaji. Doa la rangi likiingia kwenye nguo, maji baridi na sabuni ya kipande.

Chaurembo
Maji baridi na ndimu. Maji moto ndiyo yanaligandisha.

Mzee_Kaptula
Pongwe mwanangu, na mkwe mliishiaje?

Mtu_wa_Pongwe
Shikamoo mzee. Siku nne hakunisemesha. Chakula akila, mimi nikifika anainuka. Kwa mke wangu ananitaja "yule wa kamba," mpaka leo.

Ila Jumamosi kulikuwa na onyesho la pili. Sikumtarajia. Alikuja, akakaa safu ya kwanza upande wa ngazi, taulo kubwa mapajani.

Bila_Tiketi
Na kamba nani alishika?

Mtu_wa_Pongwe
Nilimpa mzazi mwenzangu. Nilisema mkono unauma.