Mwanzi wa kale wa Kichina: kopo la brashi au kilalio cha mkono?

Mpenda Nakshi: Wakuu, salama? Niko Guangzhou, narudi Dar mwezi ujao. Nataka kitu kimoja cha mwanzi, vile vya mezani kwa wasomi wa zamani. Nimebakiwa na viwili: kopo la kuwekea brashi za kuandikia, lililochongwa kwa kina, wazee chini ya misonobari, na kilalio cha mkono, kile cha kuegemeza mkono unapoandika, chenye nakshi nyepesi ya liuqing. Muuzaji anaapa vyote ni vya enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China. Bei zinakaribiana.

Seremala wa Tanga: Kopo, bila kufikiri. Kuchonga kwa kina ndiyo sifa ya Jiading, pale Shanghai, walikotoka wachongaji akina Zhu wa enzi ya Ming, iliyotangulia Qing: Zhu He, mwanawe Zhu Ying, mjukuu Zhu Zhizheng. Ukuta wa mwanzi ni mwembamba, na bado wanapata mti mbele, mtu nyuma yake, mwamba nyuma ya mtu. Mimi nachonga mninga. Mwanzi sijathubutu, unapasuka kwa urefu kabla hujajua umekosea wapi.

Bint Makadara: Fundi, leo nakupinga. Kwenye liuqing mchongaji anaacha ganda la juu penye picha tu, jembamba kama karatasi, kwingine anakwangua. Likiwa jipya huoni tofauti kubwa. Miaka ikienda, ganda linabaki na umanjano na pale palipokwanguliwa panakolea hudhurungi, kwa hiyo picha inazidi kutokeza kadiri inavyozeeka. Na kilalio kina kazi: Wachina waliandika safu za kushuka, kuanzia kulia, mkono unapita juu ya wino mbichi. Tulioandika kwa wino chuoni tunaijua shida hiyo.

Mzee wa Minada: Kopo lina sahihi?

Mpenda Nakshi: Lina. Zhu Sansong, yaani huyohuyo Zhizheng.

Mzee wa Minada: Basi ndiyo sababu ya kuogopa. Majina ya hao mabingwa yamegongwa kwenye kazi za wengine tangu zamani. Kazi ya Zhu Ying inayoaminika ni kile kifukizio cha udi kilichofukuliwa kaburini Baoshan, hukohuko Shanghai, mwaka 1966. Kimetoka ardhini, nani angekighushi? Halafu kuna la forodha: China imepiga marufuku kutoa nje kitu cha kale cha 1911 kurudi nyuma. Muuzaji akiwa mkweli, utanyang'anywa uwanja wa ndege. Ukipita salama, ujue kakudanganya.

Mpenda Nakshi: Duh. Nimerudi kulipindua lile kopo. Lina ufa toka mdomoni hadi kitakoni, umejazwa gundi na kupakwa rangi.

Seremala wa Tanga: Ufa ni kawaida ya mwanzi. Kuuficha ndiyo wizi.

Bint Makadara: Tafuta liuqing mpya ya Changzhou, mafundi wapo hadi leo.

Mpenda Nakshi: Nimepata kilalio, kipya, na risiti yake. Korongo mmoja kwenye matete, kapauka, ukikishika mbali humwoni.

Seremala wa Tanga: Tupia picha. Na usikiweke chini ya AC.