Kifaa cha ghala la korosho: EEPROM, kadi au FRAM?

Fundi Chuno
Wakuu, shikamooni wakubwa. Nimeunda kifaa cha kupima joto na unyevu ghalani, hapa Mtwara mjini. Kila dakika kinaandika kipimo kwenye EEPROM (memori isiyofutika umeme ukikatika) ya ndani ya ATmega328, ile chipu inayoendesha kifaa, palepale pa jana, ili umeme ukikatika kipimo cha mwisho kibaki. Msimu haujaisha, leo kinanionyesha unyevu wa asilimia 255! Ninunue nini?

Mzee wa Mikindani
Marahaba. Hiyo 255 si unyevu kijana, ni baiti tupu. Umeitoboa EEPROM. Imeahidiwa kuandikwa mara 100,000 tu kila baiti. Kwa kila dakika, hizo ni siku 69. Una baiti 1,024, zizungushe kwa zamu. Hulipi hata shilingi.

Kijana Nachingwea
Weka kadi ya memori yaishe.

Bi Newala
Kadi ni memori ya flashi, kaka. Ili kubadili kidogo inabidi kufuta bloku (kifungu cha data) nzima, na umeme ukikatika katikati, faili linaharibika. Nilishalia nalo. Nenda FRAM, aina nyingine ya memori isiyofutika umeme ukikatika.

EEPROM na flashi zinasukuma elektroni zipenye kizio, na kizio kinachakaa. FRAM ina fuwele ya feroelektriki, yaani inayokumbuka upande volti ilikoisukuma; nyingi ni aina iitwayo PZT. Ndani yake kuna atomu ndogo inayosogezwa juu au chini kwa volti. Ukizima, inabaki ulipoiacha. Juu ni 1, chini ni 0. Ila kusoma kunaivuruga, hivyo chipu inajirudishia yenyewe, na kila kusoma kunahesabiwa kama kuandika. Usiogope: chipu ya FRAM iitwayo MB85RC256V inahimili mara trilioni 1.

Mzee wa Mikindani
PZT si ina madini ya risasi? Kwenye ghala la chakula?

Bi Newala
Ipo mzee wangu, lakini imefungwa ndani ya chipu, haigusi korosho. Tangu 2011 watafiti wanafuata oksidi ya hafniamu, isiyo na risasi. Kwa kazi hii kinachouma ni bei, na nafasi: hiyo ni kilobaiti 32 tu. Historia ya msimu mzima iende kwenye kadi mara moja kwa siku.

Fundi Chuno
Kwenye bodi nina soketi ya 24LC256, chipu ya EEPROM ya nje. Hiyo FRAM inaingia?

Bi Newala
Mpangilio wa miguu na anwani ni vilevile, ila miguu ya FRAM hiyo ni mifupi, itafutie kibao cha kuichomelea kwanza. Na kwenye programu ondoa ile subira ya milisekunde 5 baada ya kuandika. Haina kazi tena.