scp inakatika njiani, naanza upya kila mara

Wakuu, nina faili la GB 14, picha za harusi ya mteja, nalipeleka seva kwa scp (amri ya kunakili faili kwenda kompyuta nyingine). Jana lilifika asilimia 91, bando likakata. Nikirudia linaanza sifuri! Nifanyeje?

— Mkuu, scp haiendelezi ilipoishia. Tumia rsync, amri nyingine ya kunakili, nayo hupita ndani ya SSH ileile (njia salama ya kuunganika na seva):
rsync -avP harusi.tar mimi@seva:/data/
Ikikatika, rudia amri hiyohiyo.

— Ila rsync iwepo pande zote mbili. Mimi nilisahau, nikahangaika nusu saa.

— Seva yangu inapokea SSH kwenye poti (namba ya mlango) 2222.

— Ongeza -e 'ssh -p 2222'. p ndogo! Kwenye scp ndiyo P kubwa, sijui nani alituroga.

— Imekubali. Umeme umekatika saa nne, nimerudia, ikaendelea. Asanteni.