Mashine ya mkia mrefu: nihamishe liva, niweke aksileta ya boda, au nianze na swichi ya kamba?

MzeeWaMatete (Ilagala)
Wakuu habari za jioni. Nina mtumbwi wa mbao napanda nao Malagarasi kutoka hapa Ilagala kwenda juu kwenye matete, kule injini ya kawaida ya boti haifai, panga linakula tope na majani mpaka linazima. Nikachukua injini ya hosipawa 6.5, zile cc 196 za pampu ya maji, fundi akanichomelea bomba na shafti ndefu panga likakaa mbali nyuma, sasa maji ya magotini napita vizuri tu. Shida ni kuiendesha. Mafuta naongezea kwa ile liva ndogo pale pale kwenye injini, yaani mkono mmoja umeshika bomba la usukani na mwingine unapapasa nyuma ya mgongo, juzi nimetokea kona nikakutana na kiboko nikataka kupunguza, nikaongeza. Namshukuru Mungu alizama upande wa pili. Mwezi huu nina hela ya kufanya kitu kimoja. Nihamishie liva kwenye bomba la usukani, ile inayobaki ulipoiacha? Au aksileta ya bodaboda ya kuzungusha? Au swichi ya kuzimia yenye kamba ya mkononi?

FundiKibirizi
Pole sana mzee wangu. Mimi ni aksileta ya boda bila kuwaza, kwa sababu ukiiachia inarudi yenyewe silensa, ule mwendo wa chini kabisa. Ukiteleza, ukianguka, mashine inapoa. Kuifunga ni rahisi, bomba la maji la nusu inchi kwa nje lina milimita 21 na kidogo na aksileta inataka 22, kata utepe wa bati la kopo uzungushie mara moja inakaza. Waya wa boda utakuwa mfupi, tafuta waya wa breki ya nyuma ya baiskeli pamoja na ganda lake. Halafu kwenye injini ile liva ina nati inayoibana isirudi, ilegeze na uweke springi ya kuivuta nyuma, usipofanya hivyo utazungusha kwenda mbele na kurudi hairudi.

DadaLuiche
Shikamoo mzee. Mimi nabeba mpunga kutoka mashamba ya Luiche na nimetumia zote mbili. Aksileta ya boda kwa safari fupi ni nzuri ila ukienda saa mbili mfululizo kiganja kinakufa ganzi, maana bomba lenyewe linatetemeka na linakusukuma upande mmoja muda wote na wewe huku umekunja kifundo. Nilirudi kwenye liva inayobaki. Natega mafuta nusu, mkono wangu kazi yake ni kuelekeza tu.

FundiKibirizi
Dada nakuelewa lakini ukichomoka na mafuta yako nusu, mtumbwi unaenda wapi? Bomba likiachiwa linalala upande, mtumbwi unazunguka na kukurudia ulipo na panga liko wazi.

DadaLuiche
Ndiyo maana mimi nina kamba kaka. Liva inayobaki bila kamba simshauri mtu.

Mwana_Usinge (Tabora)
Huku kwetu upande wa ziwa Sagara tumeshayapitia haya. Naomba mzee usikie hili kabla hujanunua chochote. Fundi mmoja alinifungia waya moja kwa moja kwenye kabureta akairuka gavana, kile kidhibiti mwendo cha injini, akasema hivi ndiyo inakuwa na nguvu. Kweli ilikuwa na nguvu siku tatu. Siku ya nne nikapita juu ya kisiki, nikanyanyua mkia panga likatoka majini huku mafuta yamejaa, injini haina mzigo na hakuna cha kuizuia, ikalia sauti ambayo sijawahi kuisikia halafu kitu kikapasuka ndani. Koneki, ule mkono unaoshika pistoni, imekatika imetoboa bloku, oili yote kwenye mtumbwi na mimi napiga kasia mpaka usiku. Gavana kazi yake ni hiyo, kuizuia isivuke kama mizunguko 3600 kwa dakika hata panga likiwa hewani, na kwenye matete panga linatoka majini kila mara. Waya ufungwe kwenye liva ya gavana. Kabureta usiiguse.

FundiKibirizi
Umesema vyema. Hata mimi nilikuwa namaanisha liva ya gavana, nilitakiwa kusema wazi.

NahodhaKatonga
Mzee swichi ya kamba haitakula hela yako, fanya zote mbili. Hizi injini zinazimika pale waya mweusi wa swichi unapogusa bodi, kwa hiyo unachohitaji ni kitu kinachogusanisha kamba ikivutwa. Mimi natumia kibanio cha nguo. Kila mdomo nimeweka kipande cha shaba, kimoja nimeunga waya mweusi kingine bodi ya injini, katikati nimebana kipande cha plastiki cha galoni chenye kamba mpaka kwenye mkono wangu. Nikianguka plastiki inachomoka, shaba zinagusana, kimya. Ubaya wake shaba inashika kutu ya kijani na hapo itakuangusha siku unayoihitaji, kwa hiyo kila asubuhi kabla sijaondoka navuta kamba mashine ikiwa inaunguruma. Isipozima sitoki. Ukipata hela nunua ya dukani ila hakikisha ni ile inayounganisha ukivuta, zipo zinazokata, hizo kwa injini hii hazizimi.

DadaLuiche
Na yangu nikinyanyua mkia sana inazima yenyewe, nimebadili plagi bado. Ni hiyo swichi?

NahodhaKatonga
Angalia oili kwanza dada. Ukinyanyua mkia injini inainama, oili inakimbilia upande mmoja na sensa ya oili inadhani imeisha, inazima. Waya wake mara nyingi ni wa njano. Zinabeba lita 0.6 tu, ikipungua kidogo ndiyo inakuwa hivyo. Ukiuchomoa waya itaacha kuzima lakini hapo ulinzi wote ni kijiti chako cha kupimia, kila siku.

MzeeWaMatete
Marahaba mwanangu, na nyote asanteni. Leo nimetengeneza kibanio, nimejaribu mara sita pale mwaloni imezima zote sita. Waya umefungwa kwenye liva ya gavana. Aksileta nimepata ya boda iliyochakaa kwa jirani, springi yake ni laini kwa hiyo kiganja hakitachoka haraka dada. Kinachonisumbua sasa ni ganda la waya linapinda sana pale bomba linapogeuka, mafuta yanarudi taratibu. Nipitishe juu ya bomba au chini?

FundiKibirizi
Juu, na uache kitanzi kikubwa, usikaze kwa waya wa chuma, funga kwa mpira wa tyubu. Na tia oili ndani ya ganda kabla hujapitisha waya.