Mrejesho: gari la umeme na maneno ya watu

Ndugu zangu, asanteni sana. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na watu nisiowajua wanaonivamia kwa maneno kila ninapoegesha gari langu la umeme hapa Nairobi. Wengine waliniita mtu wa serikali, wengine wakasema najifanya Mzungu.

Ushauri uliofaa kuliko yote ni ule wa kuwafungulia mlango badala ya kubishana. Jumamosi, karibu na Gikomba, kijana anayeongoza magari aliniambia litanilipukia. Nikamkaribisha kiti cha mbele. Akagusa kioo, akatega sikio, kisha akauliza, "Sasa utaliwasha lini?" Lilikuwa limewaka kitambo! Siku hizi ananiwekea nafasi.

Hoja ya Olkaria, kule Naivasha umeme unakozalishwa kwa joto la ardhini (jotoardhi), nayo imenisaidia. Wengi walidhani umeme wetu ni wa kuchoma dizeli, kumbe jotoardhi ndiyo inayoongoza nchini.

Kwa kinyozi nilikwama. Mzee mmoja aliuliza mbona kwenye kila lita ya petroli yeye hukatwa shilingi 25 za kutengeneza barabara, nami napita barabara hiyo hiyo bila kutoa hata senti ya tozo hiyo. Nilimwambia, "Hapo una haki, mzee." Hakupoa, akaendelea na siasa hadi nikaondoka. Yule aliyenishauri ninyamaze siasa zikianza, nakiri bado sijaweza. Jambo hili linanigusa mno.

Wenye maswali kuhusu gari lenyewe, ulizeni tu, nitajibu.