Tupeane uzoefu: kamera ya filamu ya zamani, tuendelee nayo au tununue ya kidijitali?

Ndugu zangu, natumia Nikon FM2, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, niliyoachiwa na baba mdogo pamoja na lenzi mbili, ya milimita 50 na ya milimita 28. Shata yake, yaani pazia linalofunguka na kufunga kuingiza mwanga, huendeshwa na springi na gia, kwa hiyo betri ikiisha kinachokufa ni kipimo cha mwanga tu, na kamera yenyewe inaendelea kupiga. Sina la kuilaumu. Kinachonisumbua ni kwamba hapa Tanga sipati tena pa kusafishia filamu, inabidi niitume Dar es Salaam kwa basi na kusubiri, na mkanda wa picha 36 umepanda bei kiasi kwamba nabonyeza kwa woga hata pale tukio linapostahili kupigwa mara kadhaa. Nafikiria kununua ya kidijitali iliyokwisha kutumika. Naomba waliopitia njia hii watueleze waliamuaje, na hasa lenzi za zamani walizifanyia nini.

*Kutoka Mombasa*
Ndugu yangu, swali la lenzi ndilo litakalokuamulia kamera ya kununua. Mdomo wa Nikon wa kufungia lenzi umebaki na umbo lilelile katika kamera zake zenye kioo cha kuakisi ndani (SLR) tangu mwaka 1959, hivyo lenzi za FM2 yako zitaingia katika nyingi za kidijitali za aina hiyo, ingawa si zote zitakazopima mwanga kupitia lenzi hizo. D3200, kwa mfano, haipimi, ilhali D7000 na D7200 zinapima vizuri ukishaziandikia namba ya milimita ya lenzi na upana mkubwa kabisa wa tundu lake la kupitishia mwanga. Hata hivyo, kihisio cha kamera hizo, yaani kile kinachonasa picha badala ya filamu, ni kidogo kuliko fremu ya filamu, kwa hiyo lenzi itaona eneo dogo zaidi: ya 50 itaona kama ya 75, na ile ya 28 itaona kama ya 42. Hilo lilinibana sana katika harusi: nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta wa ukumbi, na bado shangazi wawili wa bibi harusi walikuwa nje ya picha. Nililazimika kununua lenzi pana, na gharama hiyo iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Kama kazi yako ni picha za watu mmoja mmoja, lenzi ya 50 itakutosha, nayo utaipenda.

*Kutoka Unguja*
Nawasihi wote tunaoishi pwani tukague lenzi kabla ya kuzijengea mipango yoyote. Fungua tundu lote, angaza tochi kutoka upande mmoja na utazame kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzi nyeupe zilizosambaa kama utando wa buibui, hilo ni kuvu, na likikaa muda mrefu hula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, jambo ambalo fundi hawezi kulirudisha. Mkoba wa ngozi hutunza unyevu, kwa hiyo lenzi zangu nimezihamishia kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu. Vilevile, filamu ikitoka na michirizi ya mwanga, mara nyingi ni sponji ya mlango wa nyuma iliyooza ikawa unato mweusi. Kuibadilisha ni kazi ndogo, wala haistahili kuwa sababu ya kuachana na kamera nzima.

*Kutoka Nairobi*
Mimi nilinunua ya kidijitali kwa kazi za kulipwa, na ya filamu nimeibakiza kwa picha za familia, ambazo hazina haraka. Faida ambayo sikuitarajia ni kwamba kamera mpya ndiyo ninayonakilia negativu za marehemu baba: naziweka juu ya kibao cha mwanga, lenzi ya kupigia vitu vidogo ikielekea chini, kamera ikiwa imefungwa kwenye stendi, kisha nageuza rangi kwa kompyuta. Baba mdogo wako akiwa aliacha negativu, ndugu, anza nazo, na uzishike kingoni tu.